Mkutano wa uamsho Malindi: aliyekula pesa za chama katubu jukwaani, sisi tulioliwa tunaambiwa tuseme amina

Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kusubiri zipoe, maana kusubiri ndiko ninakoambiwa kila mlango ninaobisha hodi. Kama jibu lako ni "mama, mwachie Mungu", uupite tu uzi huu. Jibu hilo ninalo, nilipewa na mchungaji.

Kisa chenyewe. Tuna chama cha akina mama hapa Malindi, wengi wetu wa Maweni na Kisumu Ndogo, wachache wa Muyeye. Kuna wauza mahamri na mbaazi za nazi, wauza samaki wa kukaanga, wa mitumba, na wawili wanaosafisha nyumba za Waitaliano kule ufuoni. Wakristo na Waislamu tumechanganyika, hilo mlishike. Kila Jumatatu Sh500. Sehemu inakwenda kwa mwenye zamu, sehemu inawekwa mpaka Desemba tugawane: kuna wanaongojea mchele na nguo za Krismasi, kuna wanaongojea karo ya Januari. Mweka hazina alikuwa dada wa kanisani kwangu, mwanakwaya, mtu wa mifungo na mikesha. Mwaka juzi, Novemba ikiisha, simu yake ikazimwa. Kwenda kwake, chumba kitupu, na mwenye nyumba naye yuko mlangoni anamuulizia. Pesa zilikuwa zimefika laki tatu na ushee.

Mwenzetu mmoja mtoto wake alikaa nyumbani muhula mzima. Mwingine mumewe hajaamini hadi leo kwamba pesa ziliibwa. Anadai mkewe ndiye aliyezila, na kila wakigombana ndilo neno la kwanza. Yule wa samaki alikopa kwa riba kununua mafuta na unga, na hiyo riba mpaka sasa anaisukuma. Nayataja kwa sababu pale jukwaani hayakutajwa.

Sasa mwezi uliopita kukawa na mkutano wa injili. Tenti, jenereta, spika za kutosha kuwaamsha waliozikwa, mhubiri mgeni kutoka bara, bango kubwa la toba na uamsho. Mimi nilikwenda kwa moyo mmoja kabisa, nilibeba hata mkeka. Ijumaa usiku ukafika wakati wa ushuhuda, nani anapanda? Mweka hazina wetu. Kitenge kipya, maiki mkononi, machozi tayari.

Akasema alikuwa mwizi. Akasema shetani alimtumia, alikula pesa za watu, akakimbilia Mombasa, akateseka, na huko ndiko Yesu alikomkuta. "Leo niko huru!" Uwanja mzima ukalipuka haleluya. Pesa za watu. Watu gani? Kiasi gani? Hakusema. Wale watu walikuwa pale pale, watano wetu, mmoja amekaa nyuma na beseni la njugu anauza. Kisha, na hapa ndipo nilipotaka kupanda jukwaa mwenyewe, akatoa bahasha ya sadaka ya shukrani. Mhubiri akaiinua juu, akaiombea, akasema malaika mbinguni wanashangilia.

Nikauliza kwa sauti, jirani zangu wa mkeka walinisikia: hiyo iliyomo ndani ni ya nani?

Jumatatu tukaenda watatu kwa mchungaji. Hatukwenda na polisi wala na kelele. Tulikwenda na kitabu cha chama, chenye sahihi ya huyo mweka hazina kila ukurasa, tukaomba aitwe, wazee wa kanisa wakae, tupange atalipa vipi. Hata mia mia. Mchungaji akatusikiliza kwa upole mwingi sana, ule upole wa mtu aliyekwisha kuamua, akasema msamaha ni amri na tukimdai hadharani tutamrudisha duniani, damu yake iwe juu yetu. Halafu akafungua Zaburi ya 51, Daudi analia kwa Mungu, "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako." Kwa hiyo, akasema, dhambi ni ya Mungu na anayesamehe ni Mungu, na Mungu ameshasamehe. Kesi imekwisha.

Jamani. Daudi alikuwa amemuua Uria, askari wake, baada ya kumchukua mkewe. Angemrudishia nini maiti? Sisi tuko hai, tunakaa Maweni, namba zetu za simu anazo! Na huyo huyo Daudi, nabii Nathani alipomletea kile kisa cha tajiri aliyemchukua mwana-kondoo wa maskini, kabla hajajua kwamba anasemwa yeye, alikata hukumu palepale: alipe mara nne. Iko 2 Samweli 12, kabla hata hiyo Zaburi haijaimbwa. Zakayo mtoza ushuru naye, Luka 19, hakungoja kuambiwa. Yesu anaingia tu nyumbani mwake, bwana amesimama: nusu kwa maskini, na niliyemnyang'anya namrudishia mara nne. Yesu akasema leo wokovu umefika nyumba hii, na alisema hivyo baada ya hesabu kutajwa. Watoto wetu wanamwimba Zakayo kila Jumapili, mfupi, juu ya mkuyu, na wimbo unaishia pale juu ya mti. Kwenye pesa hawafiki.

Sitaki mara nne mimi. Torati katika Walawi 6 inasema aliyedhulumu arudishe kitu kizima na aongeze sehemu ya tano, na amlipe mwenyewe siku ile ile anapoleta sadaka yake ya hatia. Hiyo sehemu ya tano tunamsamehe. Turudishiwe tu kile kizima.

Na ile bahasha imeniuma kuliko wizi wenyewe. Mathayo 5 imeandikwa kama vile mwandishi alikuwa Malindi Ijumaa ile: ukiwa unaleta sadaka yako madhabahuni, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, "iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako." Uiache. Mhubiri wa kweli angemrudishia bahasha mkononi palepale mbele ya watu, amwambie, dada, shuka na hii, nenda kwa hao uliowala, ukimaliza urudi. Huo ungekuwa uamsho. Mji mzima ungezungumza.

Cha ajabu, mhubiri mwenyewe alitusimulia uamsho wa Wales wa 1904, kijana Evan Roberts, makanisa yanajaa usiku kucha, baa zinakosa wateja, wachimba makaa wanaacha matusi hadi inasimuliwa kwamba punda na farasi wa migodini hawakuelewa tena wanaambiwa nini. Watu wakacheka. Lakini mhubiri huyo huyo akaruka sehemu ya wale waliokwenda kulipa madeni yao ya zamani, madeni ambayo wenye maduka walishakata tamaa nayo. Hiyo haichekeshi, nafikiri.

Na kwa nini twende Wales? Sisi Afrika Mashariki tulikuwa na uamsho wetu, ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda, ukaingia Kenya 1937. Wazee wa Anglikana wanaujua. Haukuwa na spika wala bango. Mtu akiguswa, alikiri mbele ya wenzake dhambi kwa jina lake, kisha akaondoka kwenda kurudisha. Waliorudisha vifaa vya hospitali za misheni, waliokwenda kwa mwajiri kusema nilikuibia hiki na hiki, waliolipa kodi walizokwepa. Wengine waliwaona wamerukwa na akili. Ndugu hao walikuwa na makosa yao, walikuwa wakali, walichunguzana mno, wakagawanyika wenyewe kwa wenyewe. Sitaki kuwafanya malaika. Lakini ukiwa unamdai mmoja wao ukasikia ameokoka, ulikuwa unafurahi, maana pesa zako ziko njiani. Leo ukisikia mdeni wako ameokoka, ujue zimepotea rasmi.

Niliwaambia mlishike kwamba chama kina Waislamu pia. Jirani yangu mmoja, tunauza naye barazani pamoja, aliniuliza kwa adabu kabisa, wala hakunicheka. "Mwenzangu, kwenu toba ikoje?" Akanieleza kwao: uache dhambi, ujute, uazimie kutoirudia, na kama ulichukua haki ya mtu, lazima umrudishie au akuhalalishie mwenyewe. Ya Mungu na Mungu, ya mja na mja. Nikamwambia na kwetu ni hivyo hivyo, imeandikwa. Akaniangalia. Alikuwa amesikia spika kutoka kwake, mtaa mzima ulisikia, yeye naye ni mmoja wa walioibiwa, na alimsikia mwizi wake akipigiwa vigelegele kwa jina la Yesu. Kuna mkutano gani mwingine wa injili utakaomfikia mama huyo baada ya hapo?

Na tusijifanye hatujui mji huu umepitia nini. Aprili 2023, Shakahola, hapo nyuma yetu tu. Miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa ilifukuliwa msituni, ikaletwa mochari ya hapa Malindi, ikajaa hadi yakaletwa makontena ya baridi. Simfananishi mchungaji wangu na yale, msinitilie maneno mdomoni. Nasema tu kwamba sisi, kuliko watu wote wa Kenya, tulikwishaonyeshwa waumini wanapofundishwa kwamba kuuliza ni uasi. Kwa hiyo akija mtu kuniambia "usiguse mpakwa mafuta", mimi wa Malindi, simwelewi kabisa.

Huyo dada sasa amewekwa kwenye kamati ya mkutano ujao. Kamati ya fedha. Sitanii.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Mmoja ameandika "msihukumu". Mimi sijahukumu, amekiri mwenyewe kwa maiki. Mwingine anauliza kama nafurahia mtu kuokoka. Nafurahia sana, na kama machozi yale ni ya kweli basi anateseka na deni hili kuliko sisi, na waliomzuia kulipa wanamtesa zaidi. Mtu huyu huenda angelipa! Hakuna aliyemwambia alipe. Walimpa maiki siku ile ile, wakampa cheo wiki iliyofuata.

Kuna aliyeniletea 1 Wakorintho 6, kwamba Mkristo asimshtaki Mkristo. Basi isome yote. Humo humo Paulo anawafokea, je, hamna hata mtu mmoja mwenye hekima kati yenu awezaye kuamua kati ya ndugu na ndugu? Sisi tuliomba huyo mtu mmoja. Tuliomba wazee wakae. Wamekataa. Na nusu ya chama si Wakristo, wao mistari hiyo inawafunga vipi?

Kama kanisa linataka kumlinda, na mimi sipingi alindwe, Paulo alionyesha njia pia. Onesimo alipomkosea bwana wake, Paulo alimwandikia Filemoni: kama amekudhulumu au unamdai kitu, kiandike juu yangu, nitalipa mimi. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe. Mchungaji, kalamu ninayo, kitabu cha chama kiko kwangu. Namba ya paybill ya kanisa nayo naijua kwa moyo, mmetusomea vya kutosha; safari hii pesa zitoke upande wa pili.

Naomba sasa msaada wa wanaojua, wenye mahubiri mkae kando kidogo. Tumeambiwa Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, huhitaji wakili, na hukumu inatakiwa itoke ndani ya siku 60. Maswali yangu: kitabu cha chama chenye sahihi kinatosha, au tutoe na taarifa za M-Pesa za kila mmoja? Chama hakijasajiliwa, tunaweza kudai kama kundi au kila mama afungue lake? Na ule ushuhuda wa jukwaani kuna kijana aliurekodi wote kwenye simu, sauti iko safi, bahasha inaonekana. Unakubalika kama ushahidi?