Waliojifunza herufi za Kichina za jadi kwanza, zilizorahisishwa mlizizoeaje? Tupeane uzoefu

Mgeni wa Tainan: Jana nilifungua sanduku nikakuta daftari zangu za Taiwan, wanakoandika herufi za jadi, nikakumbuka siku niliyofika Guangzhou, China bara, wanakoandika zilizorahisishwa, kwa mara ya kwanza. Kiwanda, nilichozoea kukiandika 廠 kwa mistari 15, kilikuwa 厂, mistari 2 tu, nami nikasimama getini nikidhani kwamba sehemu ya herufi imebanduka. Mliopita njia hii, semeni.

Mwana wa Bandari: Hata mimi. Katika 聽, yaani kusikia, nilizoea kuliona sikio. Katika 听 nikakuta kinywa.

Dada wa Nywele: Umenikumbusha siku ambayo sitaisahau. Nilikuwa namtafsiria mama mmoja mfanyabiashara katika soko la jumla, akalipia maboksi 12 ya nywele bandia, akapewa risiti iliyoandikwa 假发. Nilijua kwamba 髮 ni nywele, na kwamba 發, kutoa au kutuma, hurahisishwa kuwa 发. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba zote mbili zimeunganishwa katika herufi hiyo moja. Basi nikasoma «kutuma kwa uongo», nikamwambia mama vivyo hivyo, naye akakumbatia mkoba wake na kudai fedha zake kwa sauti iliyowaleta majirani wote. Muuzaji hakubishana. Alichukua wigi rafuni, akaliweka juu ya risiti, akagusa herufi ile kwa kidole, kisha akagusa nywele. Mstari wa chini yake ulikuwa na 发货, kupeleka mzigo: herufi ileile, maana nyingine, karatasi moja.

Mpenda Kalamu: Ndiyo maana nasema herufi zimeharibiwa. Upendo, 愛, ulikuwa na moyo 心 katikati. Katika 爱 moyo umeondolewa.

Msomaji wa Usiku: Ndugu, usiseme zimeharibiwa. Mpango wa serikali ya China wa 1956 wa kurahisisha herufi haukubuni kila kitu: 云, wingu, ni ya kale kuliko 雲, na 书, kitabu, imetokana na mwandiko wa haraka wa 書. Hata Taiwan kwenyewe watu wengi huliandika jina la kisiwa 台灣, kwa 台 fupi, si 臺灣.

Mpenda Kalamu: Wingu nakubali. Moyo sikubali.

Mwana wa Bandari: Tuuache moyo kwanza. Dada, mama alikufanyaje?

Mpanda Treni: Wakati tukimsubiri, nawashauri wanaoanza waanze na vipande: 言 huwa 讠, 金 huwa 钅, 門 huwa 门. Katika herufi 2,235 za orodha rasmi ya herufi zilizorahisishwa ya 1986, 1,753 zimepatikana kwa kurudia vipande na herufi zilizokwisha kurahisishwa, kwa hiyo kukariri moja moja ni kujitesa. Zinazohitaji daftari lake ni zile zilizounganishwa, kama 后, 面 na 干.

Mla Tambi: Mimi sikukariri kipande chochote. Nilisoma orodha ya vyakula mgahawani kila siku nikiwa na njaa, na ingawa 面 ni uso na pia ni tambi, sikuwahi kuagiza uso.

Mgeni wa Tainan: Kwangu kusoma peke yake hakukutosha, mpaka nilipoandika kwa mkono.

Dada wa Nywele: Samahani, nilikuwa kazini. Nilimwomba radhi muuzaji, nikamwomba radhi mama, naye akanilipa ujira wangu wote wa siku ile. Bado tunafanya kazi pamoja, ila kila tunapopewa risiti hunionyesha 发 kwanza, akaniuliza leo ni ipi.