Boila ya kuni: joto la moshi limepanda

Wakuu, boila ya kiwanda cha chai, mvuke baa 10. Moshi ulikuwa unatoka na nyuzi 220, sasa 290, na kuni zinaisha haraka. Tatizo nini?

— Mkuu, kila nyuzi 20 zikipanda unapoteza takriban asilimia 1 ya ufanisi. Anza na masizi: zima, iache ipoe, fungua milango, pitisha brashi ya waya kwenye mirija yote.

— Ukishasafisha na joto halijashuka, huenda ni magamba ya chokaa upande wa maji wa mirija. Hayo usiyapuuze, mirija huungua ikapasuka. Pima ugumu wa maji (wingi wa chokaa iliyomo) kila zamu; chumvi ya kilainisha maji isikose.

— Kuni mbichi je? Unyevu uwe chini ya asilimia 25.