Tupeane uzoefu: Pijo 504 ya mzee na sedani yako ya sasa, ipi iliwahi kukulaza njiani?

Gia ya Usukani: Wadau, jana nimeiona 504 imepaki Morogoro, nyeupe kama ya marehemu baba. Nimo ndani ya sedani yangu ya 2012, AC inapuliza, nikamkumbuka mzee alivyokuwa akivuta choki alfajiri ili injini iwake, huku akiibembeleza kama ng'ombe anayegoma kukamuliwa. Mwageni.

Kijana wa Ilula: Umenigusa pabaya. Desemba napandisha mlima Kitonga, mke mbele, watoto watatu nyuma, buti limejaa mchele. Gari yangu haina mshale wa joto, ina taa tu. Lori linatambaa mbele, AC nimefungua yote. Taa nyekundu ikawaka, nikasema nifike kona ile. Kumbe nimeshachemsha kitambo! Mvuke, gari ikazima, malori yananipigia honi kama nimeua. Mlima huo huo mzee alikuwa anaupanda na 504: mshale ukisogea tu anawasha hita ivute joto la injini, vioo chini, tunatoka jasho lakini juu tunafika. Fundi Iringa kafungua, gaskiti imeungua, silinda hedi imepinda. Mwaka mpya tumeulia sebuleni kwa shemeji.

Tausi M: Hita 😂😂 sisi tulijua baba anatukomoa.

Fundi Gereji: Mnajaza maji ya bomba badala ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) halafu mnalaumu taa. Hata 504 silinda hedi yake ni aluminiamu, ukichemsha inapinda vilevile.

Gia ya Usukani: Mkuu, hiyo gari imeshinda Safari Rally 1975 na 1978!

Fundi Gereji: Ya dereva Ove Andersson 1975 ilikuwa ya injekta. Ya 1978 ilikuwa ya milango miwili (coupé), injini ya V6. Ya mzee wako ilikuwa ya kabureta, inabeba ndizi. Tuheshimiane.

Mama Wawili: Bishaneni. Mimi bila airbag sipandi.

Binti Kilosa: Ngoja niwape ya mbuga ya Mikumi. Saa kumi na mbili jioni tembo wanavuka, nikazima gari nisiwaudhi. Wakavuka wote isipokuwa mmoja, kasimama kando yangu, masikio wazi. Nabonyeza kitufe, dashibodi inasema ufunguo hauonekani. Ufunguo ninao mkononi!!

Tausi M: Weee! Ikawaje?

Gia ya Usukani: Dada usitukate hapo.

Binti Kilosa: Nimelala chini ya usukani nasali sala zote mpaka za Waislamu, na mimi Mkatoliki. Likaja basi na taa kali, tembo akaondoka zake. Mume wangu kaleta ufunguo wa akiba kutoka Morogoro saa tatu usiku. Betri ya ufunguo wangu wa rimoti ilikuwa imekufa.

Msafiri77: Ndiyo maana mimi manyuo tu (gia za mkono), ikigoma tunasukuma.

Mama Wawili: Usukume mbele ya tembo?

Fundi Gereji: Dada, rimoti ikifa unaigusisha kwenye kitufe chenyewe huku umekanyaga breki. Inawaka.

Binti Kilosa: Unaniambia leo??

Msafiri77: Nina 504 nauza, milango mitatu inafunguka. Njoo inbox.

Kijana wa Ilula: Na gaskiti yangu je, hakuna hata wa kunipa pole?