Mtwara si adhabu, acheni kuchangiana rambirambi mtu akihamishiwa kwetu

Wakuu, heshima kwenu. Leo naandika nikiwa nimechafukwa, mnivumilie.

Wiki iliyopita kazini, hapa Dar, kijana mmoja wa Mwanza kapata barua ya uhamisho kwenda Mtwara. Wenzake wakachukua boksi tupu la karatasi, wakaandika kwa kalamu nene RAMBIRAMBI, likaanza kuzungushwa meza kwa meza. Jamaa wa Arusha akatumbukiza buku, akamwambia, "Kaka, usilale na dirisha wazi, utajikuta asubuhi uko juu ya mkorosho." Ofisi nzima hoi kwa kicheko. Boksi likanifikia mimi, mzaliwa wa Chikongola, kitovu changu kimezikwa huko huko. Nikalipitisha bila kutia kitu. Nikaambiwa sijui utani.

Utani gani huo haubadiliki miaka nenda rudi? Ukitaja tu kusini, yanakuja yaleyale: uchawi, panya, porini.

Uchawi sitaki hata kuujibu, kwani nguzo za umeme za hapa Dar zimejaa vibao vya waganga, na wateja wao hawatoki Masasi. Panya? Ndiyo, bibi yangu kule Newala alikula, panya wa shambani aliyenona kwa mihogo, wa kubanika. Simkani bibi yangu ili niwafurahishe watu wa mjini. Wenzetu wa Bukoba wanasafiri na senene zao kwenye mikebe, kila mtu anaomba aonje. Sisi tukichimba ming'oko tu, viazi vyetu vya porini, tunaonekana watu wa ajabu.

Hili la porini ndilo linalonikera hasa. Livingstone aliposhukia Mikindani mwaka 1866 alikuta bandari ya majahazi na watu wenye biashara zao, wakati hiyo Dar yenu ndiyo kwanza Sultani Majid anaijenga. Halafu kile kiyoyozi kilichokuwa kikiwapuliza huku wanacheka kinatumia umeme wa nani? Miaka mingi kabla ya Bwawa la Nyerere, mitambo ya Dar ilikuwa inachoma gesi ya Songo Songo, kisha ikaja ya kwetu, inayosafishwa Madimba na kusukumwa kwenye bomba mpaka Kinyerezi. Mwaka 2013 tulipouliza gesi ikiondoka sisi tunabaki na nini, tuliitwa wabinafsi. Watu walikufa kwa swali lile. (Na nyie wa Lindi msicheke pembeni, tulikuwa mkoa mmoja mpaka 1971, tunajuana.)

Mapungufu yapo, sifichi. Kimbunga Hidaya kilipokata barabara Mei 2024 tulikaa tukiwa kama kisiwa, bidhaa zimekwama, wagonjwa wamekwama. Kwa hilo nitakaa na yeyote tuilaumu serikali mpaka usiku. Ila barabara mbovu si tabia ya watu.

Mama yangu alitusomesha kwa kubangua korosho uani. Anazikaanga kwenye bati lililotobolewa mpaka zinashika moto, moshi mweusi, mnalia wote hadi jirani. Anazizima kwa mchanga, kisha anagonga moja moja, vidole kavipaka majivu kwa sababu mafuta ya ganda yanababua. Majivu hayasaidii sana. Nilipokuwa darasa la tano ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi tii, ngozi inabanduka kama ya nyoka, na siku za pilau alikuwa anakula kwa kijiko maana chumvi inamchoma. Korosho hizo hizo nazikuta supamaketi Dar ndani ya kopo zuri, bei ya kutisha, na mnunuzi anayeshika kopo ndiye anayesema watu wa kusini wavivu.

Sasa jana yule wa Arusha, mwenye buku lake, kanifuata mezani. Kasikia naenda likizo Desemba. Kasogeza kiti, sauti imelainika: "Mkuu wangu, usinisahau na korosho basi. Kilo mbili tu, zile nyeupe nyeupe."

Nimemwambia asijali, namletea. Nampelekea ghafi, na maganda yake, akabangue mwenyewe huko kwake Sinza.