Msaada wakuu: hela za Mjerumani za 1916, niuze au niache?

Mwana_Isevya: Wakuu habari za jioni. Nina sarafu 23 za heller 20, mwaka 1916, zina taji na D.O.A. na kaherufi T. Jamaa wa Dar anazitaka zote, kesho asubuhi anafika, usingizi sina. Niuze au niache?

Fundi_Reli: T ni Tabora mkuu, D.O.A. ni Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Mjerumani. Vita ya Kwanza ya Dunia manowari za Mwingereza zilifunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani zikawa haziingii, ndo wakazigonga wenyewe kwenye karakana ya reli pale Lulanguru, hadi maganda ya mizinga yaliyeyushwa. Zako ni za shaba ya njano au nyekundu?

Mwana_Isevya: Njano 20, nyekundu 3.

Mama_Nzega: Neno hela si ndo limetoka kwenye hizo heller! Sisi utotoni tulizitoboa tukawavalisha ndama shingoni, nikikumbuka roho inaniuma.

Dogo_Kiloleni: Ukikuta ile rupia 15 ya dhahabu yenye tembo nioe mimi 😂

Fundi_Reli: Tuache utani. Ziligongwa zaidi ya milioni moja, moja moja si utajiri, bei inategemea hali yake. Hujazisafisha lakini?

Mwana_Isevya: Kidogo tu.

Fundi_Reli: Kidogo vipi?

Mwana_Isevya: Zote, limau na majivu. Jamaa alisema zing'ae.

Fundi_Reli: Dah umeharibu. Wakusanyaji wanataka ile rangi yake ya uzee, na huyo anajua, atakuja akushushie bei.

Mama_Nzega: Na ni za nani?

Mwana_Isevya: Za bibi. Hajui, macho hayaoni tena. Ila hela ni ya dawa zake jamani na mimi ndo namlea peke yangu, na laki moja ya jamaa nishapokea nishanunulia.

Mama_Nzega: Mwanangu, kumchukulia mzee asiyeona bila kumwambia hata iwe kwa dawa yake ni dhambi.

Jicho_Kavu: Mimi nanusa utapeli. Nyuzi humu jukwaani za hela za Mjerumani kila siku, mwisho "njoo inboksi nina mzigo". Bibi hayupo hapo.

Mwana_Isevya: Siuzi kitu humu mkuu. Picha hiyo, mkebe wake wa ugoro, zile tatu nyekundu alizifunga na uzi mweusi, moja taji limegongwa likaenda pembeni.

Jicho_Kavu: Uzi siuoni.

Mwana_Isevya: Niliukata nikisugua.

Mama_Nzega: Mshikishe moja mkononi umwambie.

Mwana_Isevya: Nimemshikisha. Anaipapasa, anauliza uzi wake uko wapi.