Vifuniko vya rimu za chuma za msimu wa baridi: vifungwe vipi visichomoke?

Mkazi wa Laval

Habari zenu ndugu. Ninaishi Laval, Quebec, na gari langu ni Toyota Corolla ya mwaka 2014. Sheria ya jimbo hili inataka gari liwe na tairi za baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi, kwa hiyo, kama walivyo wengi hapa, nina seti ya pili ya tairi za 195/65 R15 iliyofungwa kwenye rimu za chuma, ili zile spoti rimu zikae stoo zisiliwe na chumvi inayomwagwa barabarani. Rimu za chuma ni nyeusi na zimeanza kushika kutu, na mke wangu ameniambia wazi kwamba gari linaonekana kama limeazima magurudumu ya jirani.

Nilinunua vifuniko vya plastiki vya inchi 15, vya ile aina inayouzwa kwa gari lolote. Kimoja kilichomoka kwenye barabara kuu namba 40 baada ya gurudumu kuingia shimoni, kikabingirika hadi kwenye theluji ya pembeni. Namshukuru Mungu hakikugonga kioo cha mtu. Vitatu vilivyobaki vinacheza nikivisukuma kwa kiganja. Naomba kujua kama tatizo ni ubora wa vifuniko au namna nilivyovifunga, na kama ni salama kuvikaza kwa kebo tai (vile vikanda vya plastiki vya kufungia nyaya) kama wafanyavyo madereva wengi wa Dar es Salaam kwa kuhofia wezi.

Fundi Edmonton

Karibu, kaka. Kabla ya kufikiria kebo tai, vua kifuniko kimoja ukigeuze, kwa sababu tatizo la vifuniko hivi karibu kila mara liko upande wa nyuma. Utaona vibanio vya plastiki vilivyojipanga duara, na ndani yake imepitishwa pete ya waya mnene wa chuma ambayo kazi yake ni kuvisukuma vibanio kwenda nje ili vishike mdomo wa rimu. Pete hiyo ina mahali pamoja ilipokunjwa kuelekea katikati, na hapo ndipo panapotakiwa kupita valvu ya kujazia upepo. Ikiwa imewekwa vinginevyo, pete inakalia valvu, upande huo wa kifuniko haushuki hadi mwisho, na shimo la kwanza utakalokutana nalo linamalizia kazi. Vifuniko vingi vya bei nafuu vina vibanio vyenye zaidi ya mkato mmoja wa kukalia pete; ihamishie kwenye mkato wa nje zaidi nawe utaona mbano umeongezeka. Ihamishe kwenye vibanio vyote bila kuruka hata kimoja, la sivyo pete itakaa upande.

Halafu angalia rimu yenyewe. Mdomo uliojaa kutu na ukoko wa chumvi hauwezi kushikwa vizuri na kibanio cha plastiki, kwa hiyo upige brashi ya waya mpaka uwe laini, uufute, uupake rangi ya kuzuia kutu na uiache ikauke kabisa. Ukiwa hapo, tazama kama vile vipande vizito vya kubalansi vimegongewa kwenye ukingo wa nje. Mara nyingi ukingo wa kifuniko unapanda juu ya kipande hicho na kubaki umenyanyuka kidogo, na mwenye gari anadhani amenunua saizi isiyo sahihi. Kipande hicho usiking'oe mwenyewe. Waombe wenye duka la tairi wakubalansie upya kwa vipande vya kubandika kwa ndani, ambavyo haviguswi na kifuniko.

Wakati wa kufunga, vifuniko vilale ndani ya nyumba usiku mzima kwanza, kwa kuwa plastiki iliyopoa sana hupasuka badala ya kupinda. Linganisha tundu na valvu, bonyeza pande zote mbili za valvu, kisha zunguka kwa kiganja kuelekea upande wa pili. Kikiwa kigumu, tumia nyundo ya mpira na ugonge juu ya kibanio, si katikati ya mikono ya pambo. Kila kibanio kikikaa mahali pake utasikia mlio mfupi. Mwisho, ingiza vidole ukingoni uvute. Kifuniko kinachotoka kwa vidole hakifai kuingia barabara kuu.

Kuna jambo hukuliuliza ambalo kwangu ni kubwa kuliko kifuniko. Spoti rimu nyingi za Toyota hufungwa kwa nati zenye washa bapa, ilhali rimu za chuma zinahitaji nati za pia, yaani zenye mdomo uliochongoka kama pia ya watoto, unaoingia kwenye tundu la rimu na kukaa humo. Nati zenye washa bapa zikitumika kwenye rimu ya chuma, gurudumu halikai katikati na nati hulegea taratibu, na kwa kuwa kifuniko kimezificha hutaona lolote mpaka usukani uanze kutetemeka. Hakikisha unazo nati za pia, uzikaze kwa Nyutoni mita 103 kama anavyotaka mtengenezaji wa Corolla, na uzirudie baada ya kilomita 50 hadi 100.

Mama Zawadi, Oslo

Mimi nitakuwa mpinzani kidogo. Kaka wa Laval, shemeji yangu atanisamehe, lakini rimu ya chuma haihitaji kifuniko ili ifanye kazi. Miaka yote hapa Norway naendesha na rimu nyeusi tupu, nimebakiza kile kikofia kidogo cha katikati kinachozuia maji ya chumvi kufikia nati ya ekseli, na faida yake ni kwamba naziona nati zangu zote kila ninapolizunguka gari kukwangua barafu kwenye vioo. Theluji yenye maji pia haina pa kujificha. Kifuniko kikubwa huikusanya nyuma yake, usiku ikaganda upande mmoja, na asubuhi gari likifika kilomita 80 kwa saa usukani unatikisika hadi mtu anadhani balansi imeharibika. Paka rimu rangi nyeusi ya kung'aa au ya fedha wakati wa kiangazi, uone kama mke wako bado atalalamika.

Mkazi wa Laval

Ahsanteni sana. Dada Zawadi, rangi ya fedha nimeiwekea alama kwa ajili ya mwezi wa saba, kwa sasa baridi ni nyuzi 18 chini ya sifuri na hakuna rangi itakayokauka kwenye gereji yangu. Fundi, nimegeuza vile vitatu kama ulivyosema. Pete za viwili zilikuwa na kile kikunjo upande wa pili kabisa wa tundu la valvu, na cha tatu kimevunjika vibanio viwili vinavyofuatana. Nati ni za pia, nimezikagua. Je, hicho kilichovunjika kinaokolewa na kebo tai?

Dereva wa Winnipeg

Hicho kitupe, kaka. Vibanio viwili vinavyofuatana vikiwa havipo, upande huo wote unaning'inia, na kebo tai itakuwa inabeba kifuniko badala ya kukilinda. Kwa vile vizima, kebo tai ni sawa, na hapa Winnipeg madereva wengi wa teksi hufanya hivyo. Tafuta zile nyeusi za nailoni ambazo pakiti yake imeandikwa kwamba zinahimili nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa sababu za kawaida hukauka na kukatika zenyewe ifikapo Januari. Za chuma usitumie. Zinakwangua rangi ya rimu, na kutu huanzia hapo hapo. Nne kwa kila gurudumu zinatosha, zikikabiliana mbili mbili, zipitishwe kwenye uwazi wa kifuniko na tundu la rimu lililo nyuma yake. Kichwa cha kufungia kibaki upande wa nje, kisielekee kwenye breki hata kidogo, na mkia ukatwe kabisa, kwani ncha iliyobaki hukata mkono siku ya kujaza upepo. Usivute hadi plastiki ipinde. Ukishamaliza, inua gurudumu kwa jeki, ulizungushe kwa mkono na usikilize kama kuna kinachogusa breki.

Fundi Edmonton

Nakubaliana na Dereva, ila naongeza mpangilio wa kazi. Kebo tai zifungwe baada ya nati kurudiwa kukazwa, si siku ile ile ya kubadilisha tairi, maana ukizifunga mapema utashawishika kuahirisha kurudia nati ili usizikate. Weka koleo dogo la kukatia na kebo tai za akiba kwenye boksi la gari pamoja na wili spana. Ukipata pancha usiku kwenye baridi hutataka kuanza kuzikata kwa meno.

Kuhusu kununua vipya, nenda yadi ya magari yaliyokatwa ukatafute vifuniko halisi vya Corolla vya inchi 15, vyenye namba ya kiwanda iliyochapwa kwa nyuma. Hivyo vilisanifiwa kwa mdomo wa rimu ya Toyota yenyewe, kwa hiyo peleka rimu yako moja uvijaribu hapo hapo, maana rimu za chuma za kampuni nyingine zinaweza kuwa na mdomo tofauti. Utaona pia magari kama Chevrolet Cobalt na Malibu yenye vifuniko vinavyofungwa kwa vikofia vya plastiki vyenye nyuzi, vinavyokazwa juu ya nati zenyewe. Huo ndio mfumo imara kuliko yote niliyowahi kuushika, lakini unadai nati maalumu zilizochongwa nyuzi kwa nje, kwa hiyo usidanganyike ukavinunua kwa ajili ya Corolla.

Barafu ikishikamana nyuma ya kifuniko, usimwagie maji ya moto, plastiki itapasuka. Pitia sehemu ya kuoshea magari yenye maji ya uvuguvugu, au ipige kwa kiganja kabla ya kuondoka.

Mkazi wa Laval

Nimepata seti halisi ya Corolla kwenye yadi moja, vyote vinne, kimoja kina mkwaruzo. Nimeviingiza sebuleni vipate joto, na Jumamosi nitarudia nati kwanza, kisha vifuniko, kisha kebo tai.