Upasuaji rekebishi wa kovu la moto: Dar au India, na vyeti tuvisomeje?

KobeWaTabata: Wakuu, mdogo wangu wa kike aliungua na maji ya moto. Kovu la shingoni limekaza, hageuki vizuri. Ndugu wamegawanyika, India au hapahapa Dar. Kuna na mmoja wa kliniki ya urembo anasema hata yeye anaweza. Elimu zao nazilinganishaje?

SistaThieta: Pole mkuu. Huyo wa urembo mwondoe leo. Kujaza midomo kwa sindano watu hujifunza kwa siku chache. Hapo anatakiwa mtu wa kupandikiza ngozi, au kuihamisha na mishipa yake ya damu. Kwetu ni udaktari miaka 5, intanshipu mwaka 1, ndipo ubingwa. Wengine hupitia COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji chenye makao Arusha: miaka 2 ya msingi, mitihani, halafu 3 au zaidi ya fani yenyewe. Anatoka na FCS, cheti chao cha ubingwa. Ila soma neno linalofuata, maana FCS ipo ya mifupa, ya watoto, hata ya ubongo.

BahariaMbagala: India baada ya udaktari ni MS, shahada ya upasuaji wa jumla, miaka 3, kisha MCh, shahada ya juu yake, ya upasuaji rekebishi, miaka 3. Ukiona MS tupu, huyo ni wa upasuaji wa jumla, hata hospitali iwe na marumaru za kung'aa.

KobeWaTabata: Kumbe India wamesoma zaidi?

SistaThieta: Wanakaribiana, na baadhi ya mabingwa wetu wamesomea hukohuko. Mimi ningeuliza ameshafungua shingo ngapi zilizoungua. Mtu wa urembo wa matiti na matumbo anaweza kuwa na vyeti vyote na kovu kama hilo asilione mara kwa mara. Hospitali ya CCBRT, hapa Msasani, wamezoea mdomo sungura na makovu ya moto, Muhimbili vilevile. Halafu baada ya upasuaji kuna kuvaa kola ya shingo na mazoezi ya miezi, la sivyo inakaza tena. Hayo utayafanyaje na daktari aliyeko Chennai?

MjukuuWaPwani: Na "amesoma Ulaya" isikutishe. Uingereza daktari yeyote aliyesajiliwa anaruhusiwa kisheria kufanya upasuaji wa urembo. Wa hapa, hakikisha Baraza la Madaktari Tanganyika linamtambua kama bingwa wa fani hiyo, si daktari tu.

KobeWaTabata: Basi Jumatatu Msasani. Nitangulie na picha za kovu?

SistaThieta: Mpeleke mwenyewe. Lazima waishike hiyo ngozi.